Akadama kwenye tangi la uduvi: anza na KH

Kwa tangi la mimea na uduvi wa jamii ya Caridina, wale wenye milia myekundu au myeusi juu ya weupe, sijaona udongo ninaoupenda kuliko akadama. Ni mfinyanzi wa asili ya volkano unaochimbwa Japani, hasa mkoa wa Tochigi, na wapanda bonsai (miti midogo ya vyungu) wameutumia miaka mingi. Vipunje vyake ni vyepesi na vimejaa vitundu vidogo mno, ambamo bakteria wanaosafisha maji hupata makazi.

Lakini kinachonifanya niupende ndicho kinachowasumbua wengi: akadama inakula KH, yaani kiasi cha kaboneti kilichomo majini. Ukiwa mpya, udongo huu hunyonya kaboneti kutoka kwenye maji, na pH (kipimo cha uasidi) hushuka chini ya 7. Caridina wanataka hivyo hivyo: pH ya 6 na pointi kidogo, KH ya 0 hadi 1, GH (kiasi cha kalisiamu na magnesiamu) ya 4 hadi 6. Ukimwaga maji ya bomba yenye KH kubwa, udongo utayala hayo pia. Kila unapobadilisha maji, pH inapanda ghafla, kisha inateremka tena taratibu. Uduvi hawavumilii kuyumba huko. Utaliona tatizo wanapojivua gamba: pete nyeupe inajitokeza kuzunguka mwili, pale kichwa kinapokutana na mgongo, na wengi wao hawamalizi kujivua.

Kwa hiyo tumia maji ya mashine ya RO, ile inayochuja karibu madini yote, uyaongezee madini ya uduvi yanayopandisha GH bila kugusa KH. Maji yanayopungua kwa kukauka yajazie kwa RO tupu, kwa sababu madini hayaendi na mvuke. Siku za mwanzo pima GH pia mara kwa mara, maana akadama mpya hunyonya hata kalisiamu. Kama unafuga Neocaridina, wale wekundu, wa bluu au wa njano, na maji yako yana KH ya kutosha, changarawe ya kawaida itakufaa zaidi. Sioni sababu ya kupambana na udongo.

Unaponunua, tafuta akadama ngumu. Chukua vipunje vichache, viloweke usiku kucha, asubuhi ukiminye kimoja kati ya kidole gumba na cha shahada. Kikigeuka tope papo hapo, mfuko huo uwaachie wa bonsai. Kisichovunjika upesi kitakaa vizuri tangini. Chekecha vumbi udongo ukiwa mkavu, suuza kidogo tu bila kusugua, kisha mimina maji polepole juu ya sahani iliyolazwa kwenye udongo. Maji yakichafuka kidogo, filta itayasafisha. Kina cha sentimita 5 hadi 7 kinatosha, na vipunje vya milimita 1 hadi 3 vinashika mizizi vizuri kuliko vikubwa.

Kuhusu mimea: akadama haina chakula cha maana, na inashikilia sana fosfati. Mosi (kuvumwani za majini) na Anubias hazina shida, kwa kuwa hufungwa kwenye mawe na magogo. Cryptocoryne na wenzake wanaokula kwa mizizi wazikie vidonge vya mbolea chini kabisa, ukiwa umesoma lebo kuhakikisha shaba haijazidi, maana shaba huua uduvi. Faida ya ufukara huu ni kwamba akadama haimwagi amonia kama udongo wa akwaria uliotiwa mbolea. Hata hivyo bakteria bado wanahitaji wiki kadhaa kuzaliana. Subiri amonia na nitriti zisome 0, na utando wa kijani uanze kushika mawe, kwa kuwa huo ndio chakula cha vifaranga wa uduvi.

Baada ya hapo usiuchokonoe udongo. Fyonza uchafu wa juu tu, kwani ukizamisha bomba utavunja vipunje.

Udongo ukichoka utajua kwa kipimo: pH inaanza kupanda na haishuki tena, ingawa maji unayotia ni yale yale. Ukiwa umetumia RO, hilo huchelewa sana. Likifika, mimi huandaa tangi jipya pembeni, naliacha likomae kwa filta iliyokwisha kuzoea, halafu nahamisha uduvi kwa kuwadondoshea maji mapya tone kwa tone. Kuchimbua udongo mzee wakiwa ndani kunafumua uchafu wote uliolala chini.