Anza na mwenye redio, majina ya albamu yatafuata

Ndugu yangu, umeuliza utaorodheshaje albamu zilizokujenga kimuziki ilhali utotoni hukumiliki hata moja, ulisikiliza za watu tu. Hilo lisikusumbue. Jiulize kwanza: nani nyumbani alikuwa na kaseti, na alizipiga saa ngapi?

Kwetu zilikuwa za baba mdogo. Alikuwa na "Mario" ya Franco na bendi yake ya Kongo, TPOK Jazz, ya mwaka 1985. Mkanda ukijisokota, aliuzungusha taratibu kwa kalamu ya Bic, kaseti ameipakata kama kichanga. Kilingala hatukukijua, lakini neno "marioo", yaani mwanamume anayelelewa na mwanamke, lilikuwa limeshazagaa mtaani. Pale ndipo masikio yangu yalipojifunza kusubiri: Franco aimbe kwanza, alalamike, ndipo magitaa yafunguke. Mpaka leo wimbo unaomaliza kila kitu dakika ya kwanza haunikai.

Halafu mwaka 2001 ikaja "Machozi, Jasho na Damu" ya Professor Jay, rapa wa Tanzania. Kabla ya hapo nilikuwa nacheza tu muziki. Kwa wimbo wake "Ndio Mzee", mwanasiasa akimwaga ahadi na watu wakiitikia, nikaanza kufuata maneno. Hiyo ni hatua kubwa, na yako pia ipo mahali.

Usiingize albamu kwa sababu inasifiwa. Weka ile ambayo wimbo mmoja ukiisha, kichwani unaofuata umeshaanza. Taarabu ya bibi jikoni nayo ihesabu, hata kama jina la kaseti hulikumbuki.