Yavuyavu wa pakiti: mtoe chumvi kwanza

Dada, kwa kuwa uko Guangzhou na unauliza ununue yavuyavu (yule kiumbe laini wa baharini, jellyfish) gani na umwandaeje nyumbani, chukua wa pakiti, aliyehifadhiwa kwa chumvi na shabu (alum, aina ya chumvi ya madini). Mzuri ni mweupe au wa manjano hafifu. Akinuka vibaya, mwache.

Kazi kubwa ni kumtoa chumvi. Msuuze, mloweke usiku kucha kwenye friji, ubadilishe maji mara kadhaa hadi ukionja usikie chumvi kidogo tu. Mkate vipande vyembamba, mmwagie maji ya moto yasiyochemka kwa sekunde chache, halafu ya baridi upesi. Akizidi moto hunywea akawa mgumu kama mpira.

Changanya na tango, kitunguu saumu, siki, sosi ya soya na mafuta ya ufuta.

Tafadhali, wa kuokota ufukweni usimguse. Hata akifa anaweza kuwasha.