Tulimficha Baba Ugonjwa Wake, na Mpaka Leo Naumia

Juzi usiku msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, baba yangu amekutwa na saratani ya utumbo mpana. Daktari ametuambia sisi watoto, mwenyewe hajui. Tumekubaliana tusimwambie, asije akakata tamaa. Tunakosea?" Nikausoma mara tatu. Maneno yale yale niliyasema mimi miaka minne iliyopita, kwenye korido ya hospitali, nikiwa na wadogo zangu wawili.

Mdogo wangu, mnakosea. Sikuhukumu, maana mimi nilitangulia, na mimi ndiye niliyewashawishi wenzangu.

Baba alifanyiwa kipimo cha kamera, wakachukua kinyama, majibu yakarudi: saratani ya utumbo mpana, hatua ya 4, imeshafika kwenye ini. Tukamwambia ni vidonda vya tumbo. Wiki tatu nililala na faili lake chini ya godoro langu. Akiingia sebuleni tunabadili mazungumzo. Mtu akipiga simu natoka nje kuipokea. Nilijiona shujaa, binti mkubwa anayebeba mzigo ili baba apumue.

Jioni moja akaniita nikae karibu yake. Akasema, "Mwanangu, vidonda vya tumbo haviwafanyi watu wazima wajifungie chooni kulia." Alijua tangu siku ile daktari alipomwomba asubiri nje. Wiki tatu nzima alikuwa anaogopa peke yake ndani ya nyumba iliyojaa watoto wake, na alinyamaza kwa sababu aliona sisi ndio hatuwezi kuyasikia. Hapo ndipo ninapoumia mpaka leo. Watu hupenda kusema mficha maradhi kifo humuumbua, wakimlenga mgonjwa. Kwetu waliokuwa wanaficha ni wazima.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huo: mwambieni. Mwombeni daktari amuulize mzee mwenyewe anataka kujua kiasi gani, maana wapo wanaotaka kila kitu na wapo wanaosema "inatosha". Lakini achague yeye. Mwili ni wake.

Alipojua, ndiye aliyeuliza swali ambalo sisi wote hatukuliuliza: "Sasa nina saratani mbili, ya utumbo na ya ini?" Daktari akamweleza kwamba ni moja. Chembe za utumbo zilizohamia kwenye ini hubaki kuwa saratani ya utumbo, na hutibiwa kwa dawa za saratani ya utumbo. Sisi tulikuwa tumeshaanza kutangaza kwa ndugu kwamba mzee ana saratani ya ini.

Dripu za tiba ya kemikali zikaanza. Miongoni mwa dawa zake ilikuwamo oksaliplatini. Siku mbili baada ya dozi ya kwanza alishika glasi ya maji ya friji akaiachia ikapasuka, vidole vikimchoma kama sindano. Nililia nikidhani ugonjwa umepanda kwenye mishipa. Kumbe dawa ile hufanya baridi iume mikononi na kooni, na muuguzi alikuwa ametuambia! Nilikuwepo, nilitikisa kichwa, sikushika hata neno moja. Akili iliyopigwa na habari mbaya haishiki kitu. Tangu siku hiyo sikwenda kliniki bila daftari, na nilimchukua mtu wa pili wa kusikiliza.

Jambo jingine liandikeni kwa herufi kubwa. Aliye kwenye tiba ya kemikali akifikisha joto la nyuzi 38, ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Chembe nyeupe za damu mara nyingi hushuka sana kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, na maambukizi madogo huweza kuua kwa saa chache. Mimi nilimpa parasetamoli nikasubiri kukuche. Alilazwa siku tisa. Alipona, lakini usiku ule sijausahau.

Sasa kuhusu msaada, maana hapo ndipo kiburi kiliponimaliza. Ndugu walisema "mkihitaji chochote tuambieni", nami nikajibu "tuko sawa". Wengine walitoweka kabisa, na sitasema uongo, bado kuna simu ambazo sipendi kuzipokea. Lakini nilijifunza kuomba kitu chenye siku na saa: Jumanne asubuhi mpeleke baba kliniki. Jumamosi usiku lala naye wewe, mimi nilale. Waliokuwa na nia walikuja. Tuache kujifanya chuma, jamani! Anayeuguza naye huchoka, huugua, hukasirika.

Muuguzi mmoja ndiye aliyeniuliza, "Na wewe umelala lini?" Nikashindwa kujibu. Akanielekeza kwenye kikundi cha watu wanaouguza. Huko nilitamka jambo ambalo nyumbani nisingethubutu, kwamba kuna usiku nilitamani yaishe. Hakuna aliyeshtuka. Mama mmoja alinishika mkono tu.

Muuguzi huyo huyo alitutajia tiba shufaa, nami nikamkatalia kwa ukali, nikidhani wanatuambia tukachimbe kaburi. Ni huduma ya maumivu, pumzi, usingizi, hofu na familia, na inakwenda pamoja na matibabu. Cicely Saunders, aliyefungua hospitali ya kuwahudumia wagonjwa wa namna hii mjini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ni ya mwili, ya akili, ya jamaa na ya roho pia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kutoka Boston, kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu iliyosambaa, ulionyesha kwamba walioanza huduma hii mapema waliishi vizuri zaidi, na kwa wastani waliishi muda mrefu zaidi. Sisi tulichelewa miezi mitano. Baba alipoanza mofini ya kunywa, dawa kali ya maumivu, alilala usiku mzima, asubuhi akataka redio.

Tulikaa naye miezi kumi na minne. Ile ya mwisho tuliongea kila kitu.

Mdogo wangu, umesema mna miadi Alhamisi. Nunua daftari leo. Ukurasa wa kwanza uache wazi, umpe mzee kalamu aandike swali lake.