Pesa ya kadi ikiingia, usiihesabu kuwa yako bado: ushauri kwa wanaouza mnadani mtandaoni

Wengi wetu tunaouza vitu kwenye eBay, mtandao wa minada, tukiwa huku Marekani tumekulia kwenye pesa za simu. Meseji ikiingia na salio likipanda, unamkabidhi mtu mzigo wake, mnaagana. Ndiyo maana ndugu wanaoanza biashara hii huniuliza swali lilelile: "Kaka, hela imeshaingia benki, wanaichukuaje tena?"

Wanaichukua kwa sababu aliyelipa kwa kadi ana haki ya kuyapinga malipo, na muda wa haki hiyo ni mrefu kuliko wauzaji wengi wanavyodhani. Hapa Marekani kuna sheria iitwayo Fair Credit Billing Act ya mwaka 1974. Inampa mwenye kadi ya mkopo siku 60, tangu atumiwe taarifa ya akaunti yake, kulalamikia malipo ambayo hakuyafanya au bidhaa ambayo haikumfikia. Makampuni ya kadi yana kanuni zao juu ya hapo, na kwa Visa malalamiko mengi yanapokelewa hadi siku 120. Ukiuza kwingine ukalipwa kwa PayPal, huduma ya malipo ya mtandaoni, mnunuzi ana siku 180. Walioko Uingereza wanaishi na kifungu cha 75 cha Consumer Credit Act, nayo ya 1974, kinachoifanya benki iliyotoa kadi ya mkopo iwajibike pamoja na muuzaji kwa kitu cha zaidi ya pauni 100 na kisichozidi pauni 30,000.

Sheria hizi ni nzuri na sitaki zifutwe. Ndizo zinazomwokoa mama mzazi wa mtu aliyeibiwa namba ya kadi. Ila tapeli naye anazijua vizuri.

Pingamizi linavyokwenda ni hivi. Mnunuzi anaipigia benki yake, benki inataka pesa irudi, eBay inazuia kiasi hicho kwenye akaunti yako, nawe unapewa siku 5 za kujibu. Ukinyamaza, umeshindwa. Ukishindwa, juu ya hasara unakatwa dola 20 za pingamizi lenyewe. Mwamuzi wa mwisho ni benki iliyotoa kadi, na mfanyakazi wa benki anayelisoma faili lako hajui lenzi wala saa wala viatu. Anatazama karatasi tu: mzigo ulitumwa kwenye anwani ileile iliyo kwenye oda? Msafirishaji anasema ameufikisha? Kuna sahihi? Maelezo marefu ya jinsi ulivyoumizwa hayamsaidii. Kwa hiyo kesi hizi unazishinda au unazipoteza siku ile unapofungasha, wiki nyingi kabla hujajua kwamba kuna kesi.

Mimi nauza kamera na lenzi zilizotumika, basi niwaeleze ninavyofanya. Picha ya serial namba, ile namba ya pekee iliyochapwa kwenye kila lenzi, naiweka kwenye tangazo tangu mwanzo, inasomeka. Hilo ndilo muhimu kuliko yote, maana picha hiyo ina tarehe ya kabla ya mnunuzi kuweka dau, na hakuna atakayesema niliitengeneza baada ya ugomvi. Nikishauza, nachukua video moja bila kukata: serial namba, kioo kikiwa mbele ya taa pande zote mbili, lenzi inaingia kwenye boksi, gundi, lebo, boksi juu ya mzani. Posta siutumbukizi mzigo kwenye sanduku nikaondoka. Napanga foleni, unapimwa na kuskaniwa kaunta, na risiti inayoonyesha uzito naipiga picha palepale kwa sababu wino wake hufutika. Mtu akija kudai boksi lilikuwa tupu, uzito ule unajibu.

Kazi hii inakera, hasa ukiwa umetoka zamu ya usiku. Ifanye hivyo hivyo.

Kuna mnunuzi aliniambia lenzi imemfikia ikiwa na fangasi ndani, akaomba kuirudisha. Nilikubali na kumpa lebo ya kurudishia mzigo, kwa sababu ombi la kurudisha lina siku 3 za kazi za kulijibu, na ukilipuuza mnunuzi anaiita eBay iingilie. Boksi liliporudi nililifungua mbele ya kamera. Lenzi ilikuwa ya aina ileile, pete yake imelegea, na fangasi kweli ilikuwepo, imetambaa kwenye kioo cha nyuma kama mizizi. Serial namba ilikuwa nyingine. Alikuwa na mbovu nyumbani kwake, akanunua nzima ili abadilishane. Kabla ya kurudisha senti nilitoa taarifa eBay, nikaweka picha ya tangazo na picha ya kilichorudi pamoja, bila tusi na bila hadithi. Uamuzi ulikuja upande wangu. Bila picha ile ya kwanza ningekuwa na neno langu dhidi ya neno lake, na kwenye mnada wa mtandaoni neno la mnunuzi ndilo huwa zito.

Dai la "kitu si kama kilivyoelezwa" ndilo gumu kuliko yote. Ulinzi wa muuzaji wa PayPal unagusa mzigo usiofika na malipo ambayo mwenye kadi hakuyaidhinisha, lakini hili la maelezo haligusi. Kinga yako ni tangazo lenyewe. Mkwaruzo uandike na upige picha kwa karibu. Betri iliyochoka iandike. Yale maneno ya "kama mpya" yaache kabisa, kwa sababu kila mtu ana mpya yake. Bei itashuka kidogo, sawa, lakini mnunuzi ana siku 30 baada ya kupokea za kulalamika eBay, na tangazo lenye kila kasoro halimwachii pa kushika.

Kuhusu anwani, usilegeze kamba hata kwa mteja mwenye lugha tamu. Akilipa halafu akaandika, "Samahani, nimehama, tuma huku," futa oda na mwombe anunue upya akiwa ameweka anwani sahihi. Ukituma kwingine, ulinzi wako umekwisha hata kama mzigo umefika salama mikononi mwake. Oda ikifika dola 750, lipia huduma ya sahihi, kwani bila sahihi uthibitisho wa kufika hauhesabiwi. Maghala ya kusafirisha mizigo, yale ya Delaware au Oregon yanayopokea mzigo wa mnunuzi na kumpelekea ng'ambo, nayo yanawatia watu wasiwasi. Mimi siyakatai. Wanaoyatumia ni pamoja na ndugu zetu wa Dar es Salaam na Mombasa wanaonunua kwa haki kabisa, na kwa kanuni za eBay dhamana ya kurudishiwa pesa haimfuati mnunuzi mzigo ukishasafirishwa tena kutoka pale. Lakini benki yake bado anaweza kuipigia, hivyo uthibitisho kwamba ghala limepokea uwe nao.

Atakayekuomba mmalizane nje ya eBay, mwache aende. Mara nyingi atataja Zelle, huduma ya kutumiana pesa kati ya akaunti za benki za Marekani, kisha utapata barua pepe inayodai malipo yamekwama mpaka akaunti yako ipandishwe kuwa ya biashara, kwamba yeye ameongeza dola 300 kwa ajili hiyo, umrudishie. Hakuna pesa yoyote iliyoingia. Fungua programu ya benki yako, tazama salio, basi. Mwingine atakutumia hundi iliyozidi bei na kukuomba chenji. Benki za Marekani zinabanwa na sheria kukuachia pesa ya hundi ndani ya siku chache, hata kabla ya kuthibitisha kama hundi ni halali. Unaona salio, unatuma chenji, na wiki mbili baadaye hundi inarudi na deni linabaki kwako.

Na kuna jambo moja ambalo watu wema huumia nalo. Pingamizi likishafunguliwa benki, usimrudishie mnunuzi pesa kwa njia nyingine pembeni, hata akiomba kwa machozi. Benki inaweza kuendelea na kesi yake, ukajikuta umelipa mara mbili. Mwambie aipigie benki afute pingamizi na akupe maandishi ya kufuta, nawe tuma ushahidi wako ndani ya zile siku 5 kama kawaida, kwa sababu kufuta nako huchukua muda.

Nasema haya nikijua kwamba si kila anayepinga ni mwizi. Kuna mume aliyeona jina asilolijua kwenye taarifa ya kadi wakati mke ndiye aliyenunua. Kuna mzigo ulioibiwa mlangoni saa moja baada ya kufikishwa. Andika ujumbe mmoja wa upole, ndani ya eBay ili ubaki kwenye kumbukumbu: "Habari, nimeona malipo ya kamera yamepingwa. Ilifikishwa kwenye anwani yako Jumanne. Unaweza kuniangalizia kama kuna mtu nyumbani aliipokea?" Kuna kesi zinaishia hapo hapo, na mteja anabaki mteja.

Ukitaka kumjua mnunuzi, asilimia yake ya maoni haikuambii kitu. Tangu mwaka 2008 muuzaji wa eBay hawezi kumpa mnunuzi alama mbaya, hivyo hata msumbufu anaonekana safi. Soma maoni ambayo yeye amewaachia wauzaji wengine. Mtu ambaye kwa kila anayemuuzia analalamikia boksi tupu au kitu kibovu, mfungie kabla mnada haujaisha. Dau lake likiwepo tayari, unaweza kulifuta. Aliyeshinda mnada na hajalipa, mpe siku 4, futa, kisha mpe nafasi aliyemfuata kwa dau.

Weka akiba. Pesa ya kitu kikubwa mimi siigusi yote mpaka siku 30 za malalamiko ya eBay zipite, na video na risiti nazitunza kwa mwaka mzima, kwa mafaili yenye namba ya oda. Ukitapeliwa kweli, peleka taarifa ic3.gov, ambako FBI hupokea malalamiko ya uhalifu wa mtandaoni. Kama mzigo ulipita Posta ya Marekani, wapelekee pia wakaguzi wa Posta, kwa sababu utapeli kwa njia ya barua ni kosa la jinai la serikali kuu, na namba ya taarifa utakayopewa iongeze kwenye faili lako la pingamizi.