Abiria wa stesheni ndogo asiachwe njiani

Swali lenu la wiki hii lilikuwa hili: udongo ukiporomoka ukafunga njia ya reli, abiria wafikishwe vipi wanakokwenda? Jibu linalokuja haraka ni mabasi, na wala si jibu baya. Lakini kabla ya basi kuitwa, nataka mtu wa tiketi ajiulize: ninao abiria gani, na kila mmoja anateremkia wapi?

Naandika kutoka Wete, Pemba. Reli hatuna, na hata ile ya Bububu kule Unguja, iliyoanza mwaka 1905, ilishang'olewa zamani. Treni tunaipandia Dar es Salaam baada ya kuvuka bahari. Ila kukatikiwa na safari tunakujua vizuri. Kuna usiku tulikuwa na tiketi za Wete, bahari ikachafuka, chombo kikafunga gatini Mkoani. Nahodha simlaumu hata kidogo, roho za watu zilikuwa mikononi mwake. Ninaowalaumu ni waliotupokea, kwa kuona kwamba maadamu tumekanyaga Pemba, basi tumefika. Kutoka Mkoani mpaka Wete unapita Chake Chake, unakikata kisiwa karibu kizima. Palikuwa na mama mmoja, mtoto mgongoni, godoro limefungwa kamba na ndoo mbili zimefunikwa kanga. Kila gari iliyokuja iliishia Chake, na kila utingo alilitazama lile godoro kwanza, kisha ndiyo akamtazama yeye. Hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi.

Sasa tuje kwenye reli. Mvua za mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 zilipoufurisha mto Mkondoa, Reli ya Kati ilibomoka kati ya Kilosa na Gulwe, na treni zikakaa miezi bila kupita. Sehemu ile reli inafuata bonde la mto, milima imeielemea, kwa hiyo kila masika mtu ana haki ya kuwa na wasiwasi. Anayekwenda Kigoma au Mwanza unaweza kumtia kwenye basi Morogoro, akaenda kupanda treni nyingine Dodoma. Lakini barabara kuu haifuati reli. Basi linapita Dumila na Gairo. Kidete, Godegode na Gulwe ziko upande mwingine kabisa, na wa huko treni ndiyo gari lao. Ukimpeleka wa Godegode mpaka Dodoma umemvusha kwao, ukamwacha mbali akiwa na magunia yake.

Kwa hiyo mimi ningefanya hivi. Treni isifutwe safari nzima. Ifike mpaka stesheni ya mwisho iliyo salama upande huu, na nyingine ifanye hivyo hivyo upande wa pili, ili pengo la kuvushwa watu kwa gari liwe fupi. Wa safari ndefu wapewe mabasi makubwa. Wa stesheni ndogo waandikwe majina na wanakoteremkia, kisha zitafutwe gari ndogo zinazoijua njia ya tope, za kutokea Kilosa kwa upande mmoja na Mpwapwa kwa upande wa pili. Gari moja itangulie kuiangalia barabara, maana mvua iliyouangusha mlima haikuiacha barabara salama. Mahali pa kuhamia pasichaguliwe kwa sababu pako karibu na maporomoko. Pachaguliwe penye nafasi ya basi kugeuza, paa, taa, maji na choo. Treni yenye watu mia tano inataka mabasi kumi ya viti hamsini, na hapo mizigo hujaihesabu. Mizigo ipewe lori lake, na mtu wa shirika apande nayo.

Kuna jambo moja ambalo haraka isilishinde. Asubuhi ya tarehe 12 Agosti 2020, huko Scotland, treni iliyotoka Aberdeen kwenda Glasgow ilisimamishwa karibu na Carmont kwa sababu mbele udongo ulikuwa umefunga njia. Ikakaa zaidi ya saa mbili, kisha ikaamriwa irudi ilikotoka. Ikarudi kwa mwendo wa karibu kilomita 117 kwa saa, ikakuta changarawe na mawe yaliyosombwa na mvua juu ya reli, ikaanguka. Ndani walikuwemo watu tisa. Dereva, kondakta na abiria mmoja wakafa. Waliponusurika maporomoko ya kwanza, wakauliwa na ya pili kwenye njia iliyodhaniwa nzima. Mvua kubwa inapopiga, kiberenge, kile kigari kidogo cha reli, kitangulie kukagua, na treni ifuate polepole, hata kama abiria wamechoka na wanapiga kelele. Mimi ni abiria, na nakubali kusubiri kwa ajili ya hilo.

Njia nayo inaweza kufungwa kwa muda mrefu. Dawlish, Uingereza, bahari ilibomoa ukuta wa reli Februari 2014 na treni zikarudi Aprili. Katikati yake mlima ukaporomoka karibu na Teignmouth, kazi ikaongezeka. Mabasi ya siku moja yanaweza kupangwa kwa simu. Ya miezi miwili yanataka ratiba iliyobandikwa stesheni, saa zisizobadilika, na tiketi ileile ya treni ikubaliwe na dereva wa basi bila mtu kuongezwa senti.

Na asiyetaka kuendelea arudishiwe nauli yake palepale dirishani alipoikatia, siku hiyohiyo. Abiria aliyelala stesheni na watoto asiambiwe aandike barua makao makuu.