Antena ya Paani Inapiga Kelele: Maswali Yenu Nayajibu

Safari hii maswali ya antena za motahomu, yaani magari-nyumba ya kusafiria na kulala, yamepita mengine yote, na karibu nusu yake yana sentensi ileile: "Nimeshapaka silikoni lakini kelele bado." Naanza na huyo, kwa niaba ya wenzake wote.

Fundi, antena ya TV, ile ya kuinua na kulaza, inagongagonga nikifika kilomita 80 kwa saa. Nimezungushia silikoni kitako chote. Niongeze?

Usiongeze. Toa hata hiyo uliyopaka. Kelele ni kitu kinachocheza, na silikoni haikazi kitu kinachocheza. Hata kazi ya kuzuia maji haiiwezi kwenye paa la mpira wa EPDM, kwa sababu haishikani nao vizuri. Tena ikishakaa hapo, hakuna kizibio kingine kitakachoshika juu yake mpaka uikwangue yote. Niliwahi kufungua kitako cha antena chenye tabaka nne: nyeupe, ya rangi ya maji, ya kijivu, halafu nyeupe tena. Kila tabaka ilikuwa safari moja ya mwenye gari kupanda juu na kuhangaikia sauti. Chini yake mbao ilikuwa imeoza kiasi kwamba bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini bila kusukumwa. Kelele ilikuwa ileile, na maji yalikuwa yakiingia kimyakimya muda wote huo.

Sasa tuitafute sauti yako. Antena ya namna hiyo ina mkono, na mkono ukilazwa, kichwa hulala karibu kabisa na paa kikiegemea vipande vya mpira. Vipande hivyo vikilika au vikidondoka, upepo hukinyanyua kichwa kidogo na kukiachia, kikinyanyuliwa kinaachiwa tena, na plastiki inapiga paa. Panda juu gari likiwa limesimama. Nyanyua ncha ya kichwa kwa vidole viwili, iachie. Ikiwa ni sauti unayoisikia barabarani, umempata mwizi. Angalia pia paani chini ya ncha hizo: utakuta kovu lililong'aa, umbo la mwezi mwandamo, mahali mpira wa paa unaposagwa siku hadi siku. Kovu hilo ni la hatari kuliko kelele, maana likitoboka maji yana njia.

Dawa ni kurudishia mto: kipande cha sponji ngumu isiyonyonya maji, kinene kiasi cha kukibana kichwa kidogo antena ikilala. Kigandishe kwenye antena, si kwenye paa. Halafu shika mkono wa antena uutikise kushoto na kulia. Pini za maungio zikicheza, badilisha pini. Kuzifunga kwa gundi ni kuahirisha tu.

Mimi yangu hailii barabarani. Inalia "kwiii" ndani nikizungusha kishikio cha kuiinua.

Gia imekauka. Inua antena, nyunyizia kilainishi cha silikoni kwenye sehemu inayozunguka, ipandishe na kuishusha mara kadhaa. Ndiyo, hapa silikoni inafaa, lakini ni ile ya kopo la kunyunyizia. Ya kupaka iache dukani. Usitumie mafuta ya injini wala grisi ya kawaida, kwa kuwa mafuta ya petroli huuvimbisha mpira wa EPDM, na tone moja juu ya paa litakuachia kiputo.

Je, nikiendesha huku nimeiinua kidogo, kelele haitapungua?

Hapana. Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, na kila mara naliona limerudi. Antena iliyoinuliwa ikikutana na tawi haikatiki peke yake, inang'oka na kipande cha paa. Tundika kibandiko chenye neno ANTENA kwenye kishikio cha kuiinulia. Ukiinua antena, kihamishie kwenye usukani, na kisitoke hapo mpaka uwe umeilaza.

Ufito wa antena ya redio unapiga mluzi mkali. Nilipoweka mnene zaidi mluzi ukawa mzito, lakini haukuisha. Kwa nini?

Nimefurahi, kwa sababu wewe umesikiliza kabla ya kuuliza. Upepo ukipita kwenye kitu cha mviringo huacha vimbunga vidogo nyuma yake, kimoja upande huu, kingine upande ule, kwa zamu. Zamu hizo ndizo mluzi. Mwanafizikia Mcheki Vincenc Strouhal alipima sauti za waya kwenye upepo mwaka 1878, na kanuni yake bado inatumika: chukua 0.2, zidisha kwa mwendo wa upepo, gawanya kwa unene wa ufito. Kilomita 90 kwa saa ni mita 25 kwa sekunde. Ufito wa milimita 3 utatoa mitetemo karibu 1,700 kwa sekunde, mluzi wa kuumiza meno. Wa milimita 6 utatoa nusu yake, na ndiyo sauti nzito unayoisikia. Kwa hiyo kubadilisha unene kunabadilisha noti ya sauti tu.

Kinachoua mluzi ni kuvuruga zile zamu zisiende pamoja. Tazama antena za magari mengi madogo: zina uzi uliozungushwa kama nyoka aliyepanda mti. Hilo si pambo. Mabomba marefu ya moshi ya viwanda nayo huvishwa mbavu za kuzunguka kwa sababu hiyohiyo. Chukua waya mwembamba wenye ganda la plastiki, uzungushie ufito tangu chini hadi juu, mzunguko mmoja kila sentimita 3 hivi. Ukaze kwa mpira wa kusinyaa kwa joto, usije ukalegea ukaanza kupiga kelele yake.

Si rahisi kuukata uwe mfupi?

Usikate. Urefu wa antena unafuata urefu wa mawimbi. Robo ya wimbi la FM la megahezi 100 ni sentimita 75. Ukikata ya redio ya kusikiliza utapoteza stesheni za mbali. Ukikata ya redio ya kuongea, nguvu inayotumwa inarudi nyuma na inaweza kuunguza redio yenyewe.

Kuba la dishi linavuma ndani gari likitembea.

Mota inatafuta setilaiti. Zima umeme wake kabla ya kuondoka.

Kelele yangu si ya upepo. Redio inakoroma hata tukiwa tumeegesha, na picha ya TV inakwamakwama. Muuzaji ananiambia ninunue busta kubwa zaidi.

Usinunue. Busta inakuza kila inachokipokea, uchafu na vyote. Siku za TV za zamani ungeona chenga ukajua mara moja. TV ya digitali haina chenga, picha inagawanyika vipande au inaganda, ndiyo maana watu wanadhani mawimbi ni dhaifu kumbe yamechafuliwa.

Ondoa waya wa umeme wa nje, zima kila kitu, bakiza redio tu kwenye betri. Imetulia? Basi washa kimoja kimoja: taa za LED, chaja, kibadilisha umeme, kidhibiti cha sola. Utasikia mkoromo ukirudi kwenye kimoja. Redio ndogo ya mkononi iliyowekwa AM kati ya stesheni itakusaidia: isogeze karibu na kila kifaa, ikikoroma zaidi umefika. Mara nyingi huwa ni taa ya bei rahisi. Ibadilishe, au bana pete za feraiti, zile za kuzuia mkoromo wa umeme, kwenye nyaya zake karibu kabisa na kifaa.

Ikikoroma hata vyote vikiwa vimezimwa, fungua kiungio cha waya wa antena kule juu. Shaba ikiwa imegeuka kijani, kata, weka kiungio kipya. Na busta uliyonayo hula volti 12 kupitia waya uleule wa antena. Kama swichi yake ukutani haijawashwa, umekuwa ukitazama TV kupitia busta iliyolala.

Nimechoka. Nataka kuing'oa kabisa. Tundu nilizibeje?

Kwanza gusa mbao ya pembeni kwa ncha ya bisibisi. Ikibonyea, ziba baadaye, kata iliyooza kwanza. Ikiwa ngumu, weka bamba la alumini juu ya utepe wa butili (mpira laini unaonata), likaze kwa skrubu, kisha funika kingo na vichwa vya skrubu kwa kizibio kinachojitandaza chenyewe, kile kilichoandikwa kuwa kinafaa aina ya paa lako. Fanya kazi hiyo paa likiwa kavu kabisa. Piga magoti juu ya ubao mpana unaogawa uzito wako, na kama juu yako pana nyaya za umeme, lisogeze gari kwanza.