Mjane wa bondeni: eda, mafuriko na neno la "adhabu"

SWALI

Assalaamu alaykum sheikh. Ninaishi Kigogo, Dar es Salaam, chini kabisa bondeni karibu na Mto Msimbazi. Mume wangu alifariki katika mafuriko ya masika, wiki tano zilizopita. Maji yalianza kuingia usiku, tukawatoa watoto, kisha yeye akarudi ndani kuchukua cherehani yangu, na mimi ndiye niliyemwambia asiiache. Tulimpata siku ya pili. Sasa ninakaa eda katika chumba kilekile. Alama ya tope ukutani imefika kwenye swichi ya taa, na kila mvua ikinyesha maji yananifika magotini. Kaka yangu aliyeko Kimara ananiita, lakini mawifi zangu wanasema mjane hatoki nyumbani kwa mumewe mpaka eda iishe. Tena siku ya hitma ustadh mmoja alisema kwa kipaza sauti kwamba maji yale ni adhabu ya watu wa bondeni kwa ajili ya vigodoro, zile ngoma zao za usiku, na maasi yao. Je, nikihama nitakuwa nimevunja eda? Na je, mume wangu ameadhibiwa?

JIBU

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu, Mwenyezi Mungu akupe subira, amrehemu mumeo na awalee wanao. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na nimetanguliza kuijibu kabla ya nyingine zilizofika mapema, kwa sababu mbili: mvua hazijaisha, na lile lililosemwa mbele yako siku ya hitma halifai kuachwa bila jibu.

Kuhusu eda, hama leo. Ni kweli kwamba mjane hukaa eda katika nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe, na mawifi zako hawakulizua hilo. Lakini wamelishika nusu. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu kinachosomeshwa katika darasa zetu za pwani kizazi baada ya kizazi, imeandikwa kwamba mwenye eda huhama kwenye makazi yake kwa kuhofia kubomokewa, au kuzama, au kwa kuihofia nafsi yake. Kuzama kumetajwa kwa jina lake, mwanangu, na wala si jambo ambalo mimi nimelitafutia mlango kwa kukuonea huruma. Uende mahali penye stara na salama palipo karibu iwezekanavyo, na ikiwa jirani zako wote wako bondeni kama wewe, basi karibu yako ni kwa kaka yako. Huko utaendelea na hukumu nyingine za eda kama kawaida. Aliyekuzuia kwa nia njema Mungu amsamehe, lakini chumba kilichokwisha kumpoteza mtu mmoja hakina heshima ya kulindwa kwa roho ya mtu wa pili.

Sasa nije kwenye neno la ustadh. Huenda alisoma aya ya 30 ya Suratu Shura, kwamba msiba wowote unaowapata ni kwa yale yaliyochumwa na mikono yenu, kwani ndiyo inayosomwa sana katika minasaba ya namna hii. Aya ni haki, lakini inasema "mikono yenu," na msemaji aliyesimama pakavu naye yumo ndani ya "yenu" hiyo; kisha inamalizikia kwa kusema kwamba Mwenyezi Mungu anasamehe mengi, kipande ambacho wahubiri wengi hukimeza. Na tukitaka kweli kuitazama mikono, basi tuitazame yote. Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, na mvua ikishuka huko juu maji hupita katikati ya jiji lililosakafiwa, yakikuta mto uliojaa taka na mchanga, ndiyo maana hufika Kigogo na Jangwani kwa ghafla ile uliyoiona. Aliyetupa taka juu hakufurikiwa. Aliyefurikiwa ni mpangaji wa chini. Je, huyo ndiye tumwite mwenye dhambi?

Wengine hutoa hoja ya gharika ya Nabii Nuhu. Nuhu, amani iwe juu yake, alikaa na watu wake miaka elfu kasoro hamsini akiwalingania, na habari ya kuangamizwa kwao aliletewa kwa wahyi, yaani ufunuo wa Mungu, kabla maji hayajabubujika. Ustadh wetu ameletewa wahyi gani kuhusu Kigogo? Wahyi umefungwa, na bila ya wahyi hakuna mwanadamu awezaye kusema kwamba maji haya yalitumwa kumwadhibu fulani. Kusema hivyo ni kumsemea Mwenyezi Mungu bila elimu, na hilo ni kubwa kuliko kigodoro, ambacho nacho sikitetei.

Tena hao wanaosema hivi wanasahau kwamba mafuriko yaliingia Madina, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akiwa ndani yake. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Anas kwamba bedui mmoja aliingia msikitini siku ya Ijumaa, Mtume akihutubu, akalalamikia ukame. Mtume akainua mikono, na mvua ikanyesha mpaka Ijumaa ya pili. Akaja mtu tena, na katika mapokezi mojawapo akasema majengo yamebomoka na mali zimezama. Ule ulikuwa mji wa Masahaba, na mvua yenyewe ilitokana na dua ya Mtume. Hakuwageukia watu kuwauliza wamefanya maasi gani mtaa huu au ule. Aliomba: "Allahumma hawalayna wala alayna," ee Mola, iwe pembezoni mwetu, isiwe juu yetu. Na Al-Kaaba yenyewe mwaka 1630 iliingiliwa na mafuriko hadi kuta zake zikaanguka, ikabidi ijengwe upya. Tuseme nini basi, kwamba nyumba ile nayo iliadhibiwa?

Hofu ya adhabu ipo katika dini, silikani hilo. Bibi Aisha amesimulia kwamba Mtume alipoona wingu au upepo uso wake ulibadilika, akihofu isije ikawa ni kama upepo ulioangamiza kaumu iliyopita. Lakini tazama alihofia wapi: alihofu akiwa yeye yumo chini ya wingu hilo, hakulinyooshea kidole wingu lililo juu ya paa la jirani.

Mumeo hakuadhibiwa kwa kadiri dini ilivyotufundisha kuhukumu. Mtume amemtaja aliyezama na aliyeangukiwa na jengo miongoni mwa mashahidi, yaani waliokufa kifo chenye daraja mbele ya Mungu. Wanavyuoni wamejadili mtu anayejitosa makusudi mahali anapojua ataangamia, lakini mumeo alirudi katika nyumba aliyokuwa ametoka dakika chache nyuma, kufuata chombo kinacholisha wanawe, na tunamtarajia daraja hiyo ya shahidi kwa Mola wake. Shahidi wa namna hii huoshwa, hukafiniwa na kusaliwa kama maiti wengine. Maji ya mto hayashiki nafasi ya josho, nami nadhani ndugu zako walilijua hilo.

Na wewe unayejilaumu kwa neno la cherehani: Mtume amekataza kusema "lau ningefanya hivi," kwa kuwa "lau" hufungua kazi ya shetani. Ulimwambia mumeo jambo ambalo mke yeyote mshonaji angelisema usiku ule. Kama cherehani imepona, isafishe tope, itie mafuta, ushone.

Limebaki moja ambalo hukuniuliza. Dua ile ya Mtume inaendelea kutaja mahali alipotaka mvua ipelekwe: vilimani, na "butuni'l-awdiya," matumboni mwa mabonde. Bonde ni njia ya maji tangu hapo. Ninajua kodi ya huko ni nafuu na ninajua waliohamishiwa Mabwepande baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40, walilalamikia umbali wa kutafuta riziki, simhukumu aliyebaki. Lakini eda ikiisha usirudi, hata ukiambiwa kwamba kukimbia maji ni kukimbia kadari. Mwenyezi Mungu amesema tusijitie kwa mikono yetu katika maangamizi, na kuhama kwako nako kumo ndani ya kadari. Kaka yako akusaidie kutafuta chumba hata kidogo, na waliokuja kwenye hitma kula pilau wachangie kodi ya miezi ya mwanzo. Haki ya yatima iko juu yao kuliko mazungumzo ya vigodoro.

Nguo na mikeka iliyoingia tope, ifueni mpaka najisi iondoke, na tope la njiani ambalo ni vigumu kuliepuka limesamehewa. Siku ulizokwisha kuzikaa Kigogo zinahesabika, na za Kimara zitaendelea kutoka hapo hadi itimie miezi minne na siku kumi tangu alipofariki, au mpaka ujifungue ikiwa una mimba. Huanzi upya.

Wallahu aalam.